Mwajiri anasema bei zimepanda asilimia 3 tu: je, takwimu zinapikwa?

"Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule binafsi hapa Morogoro, mume wangu ni dereva wa bodaboda, tuna watoto watatu. Mwezi huu wa tatu mwajiri alituita kikao akatuambia mshahara unaongezwa asilimia 3, 'maana ndiyo mfumuko wa bei uliotangazwa na Serikali'. Ni nyongeza ya kwanza tangu mwaka 2020. Sasa, anayekwenda sokoni ni mimi. Mwezi wa saba mwaka jana nilinunua mchele 2,200 kilo, leo ni 2,800. Maharage yalikuwa 2,800, leo 3,400. Gunia la mkaa limetoka 60,000 hadi 75,000. Fungu la nyanya ni 500 ileile, lakini zilikuwa zinapangwa sita, siku hizi nne. Kwa mwezi tunatumia kilo 20 za mchele, kilo 8 za maharage na gunia moja la mkaa. Matumizi yetu yote mwaka jana yalikuwa kama 500,000. Kwa hesabu yangu maisha yamepanda robo nzima. Januari nilikopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ili nilipe ada. Je, hizi takwimu zinapikwa? Na kama hazipikwi, mbona hazifanani na ninachokiona?"

Marahaba, mwalimu. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na majibu yake hayafanani. La kwanza ni kama Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) inatangaza namba ya uongo. La pili, hata kama hukulitamka hivyo, ni kama mwajiri wako ameitumia namba hiyo kwa haki. Kwa la kwanza, sioni dalili ya kupikwa. Kwa la pili, mwajiri amekosea, na kosa lake linaonekana ndani ya takwimu zilezile anazozitaja. Kwa hiyo nakuomba usizitupe. Unazihitaji kuliko yeye.

Tuanze na namna namba yenyewe inavyopatikana. Kila mwezi wakusanyaji wa bei wanapita masokoni, madukani na kwa watoa huduma katika mikoa yote 26 ya Tanzania Bara. Wanafuata bei za vitu vilevile, vya ubora uleule, kadiri inavyowezekana mahali palepale. Orodha yao, inayoitwa kapu, ina bidhaa na huduma 383, na bei zinalinganishwa na mwaka wa kizio, yaani mwaka wa kuanzia kulinganisha, ambao ni 2020. (Zanzibar wana ofisi yao ya takwimu na fahirisi yao, yaani kipimo chao cha jumla cha bei, ndiyo maana namba zao hutofautiana na za Bara.) Uzito wa kila kitu ndani ya kapu umetokana na Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18, ambapo kaya ziliulizwa zinatumia fedha zao kwenye nini. Kitu kinachomeza fedha nyingi za kaya kina uzito mkubwa. Chumvi ikipanda mara mbili, fahirisi haitikisiki sana. Unga ukipanda kidogo tu, inatikisika.

Umezitaja nyanya zako, na nimefurahi, kwa sababu wengi wanadhani mambo ya fungu yanawapita watakwimu. Hayatupiti. Mkusanyaji anayeijua kazi yake haridhiki kuambiwa "fungu mia tano". Analinunua au analiomba, analiweka kwenye mizani, anaandika gramu, ndipo bei ya kilo inapopatikana. Kwako wewe nyanya moja ilikuwa kama shilingi 83, sasa ni 125. Hilo ni ongezeko la asilimia 50 ambalo kibao cha muuzaji hakikuonyesha hata kidogo. Fanya hivyo kwa mkate uliopungua uzito, kwa sabuni ya mche iliyopungua unene na kwa kisado cha dagaa kilichojazwa nusu, na utaona kwamba jicho lako halijakudanganya hata kidogo.

Sasa, asilimia 3 ina maana gani? Ina maana kwamba ukilinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana, kapu zima limepanda kwa shilingi 3 katika kila 100. Haimaanishi kwamba bei zimetulia, wala kwamba zimeshuka. Hapa vyombo vya habari vinawachanganya watu sana, na jambo hili linaniuma, kwa sababu kichwa cha habari kinachosema "mfumuko washuka" kinamfikia mama aliyetoka sokoni kama tusi. Basi likipunguza mwendo kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 50, bado linakwenda mbele; halirudi stendi ya Msamvu. Desemba 2022 mfumuko wa mwaka ulikuwa asilimia 4.8. Desemba 2023 ulikuwa asilimia 3.0. Habari zikasema umeshuka, na ni kweli. Lakini katika miezi hiyo 12 bei kwa jumla zilipanda asilimia 3 juu ya zile zilizokuwa tayari zimepanda asilimia 4.8. Kwa miaka miwili ni karibu asilimia 8, na hakuna hata shilingi moja iliyorudi mfukoni mwako.

Kuna jambo kwenye hesabu yako mwenyewe inabidi nikusahihishe, na naomba usinielewe vibaya. Umelinganisha mwezi wa saba na mwezi wa tatu. Mpunga wa Kilombero unavunwa kuanzia Mei mpaka Julai, kwa hiyo Julai umenunua mchele wakati magunia yamejaa sokoni, na Machi unanunua wakati watu wanasubiri mavuno mengine. Mkaa nao hupanda masika, barabara zinapoharibika na kuni kulowa. Sehemu ya ongezeko uliloliona ni msimu, na msimu utapita. Ndiyo sababu NBS wanalinganisha Machi na Machi, Julai na Julai. Ukitaka kujua hali yako ilivyo hasa, tafuta ulichonunua Machi mwaka jana. Jumbe za malipo kwenye simu yako huenda zikakusaidia zaidi ya kumbukumbu.

Lakini hata tukizichukua namba zako kama zilivyo, robo nzima haitoki. Tuhesabu. Mwaka jana mchele kilo 20 ulikugharimu 44,000, maharage kilo 8 yakawa 22,400, mkaa 60,000. Jumla 126,400. Leo vitu hivyohivyo ni 56,000, 27,200 na 75,000, yaani 158,200. Umeongeza 31,800, na hiyo kweli ni asilimia 25. Robo yako ndipo ilipotoka. Ila vitu hivyo vitatu ni robo tu ya matumizi yenu ya 500,000. Bado kuna kodi ya nyumba, nauli, sabuni, vocha, nguo, dawa na vingine vyenye jumla ya 373,600. Kama hivyo havikupanda kabisa, maisha yenu yamepanda asilimia 6.4. Kama vyote navyo vilipanda asilimia 3, maisha yenu yamepanda asilimia 8.6. Na kwa kuwa kuna msimu ndani yake, chukulia hiyo 8.6 kuwa ndiyo dari. Namba yako ya kweli, kwa nilichosoma, iko juu ya 3 na iko mbali sana na 25.

Kwa hiyo wewe na NBS mnaweza kuwa sawa kwa pamoja. Sababu kubwa ni uzito wa chakula, na hapa nitakaa kidogo.

Katika kapu la taifa, vyakula na vinywaji baridi vina uzito wa asilimia 28.2. Kapu lililotangulia vilikuwa asilimia 38.5. Nikimwambia mama yeyote wa Kihonda au Mafiga kwamba Mtanzania anatumia shilingi 28 tu katika kila 100 kwa chakula, ataniuliza ni Mtanzania gani huyo. Anauliza swali sahihi. Chukua familia mbili. Ya kwanza inatumia milioni 3 kwa mwezi, na 600,000 kati yake ni chakula, yaani asilimia 20. Ya pili inatumia 400,000, na chakula ni 260,000, yaani asilimia 65. Wastani wa familia hizi mbili ni asilimia 42.5. Lakini fahirisi haijengwi hivyo. Inajengwa kwa kuchanganya fedha zote kwenye chungu kimoja: milioni 3.4, ambazo 860,000 ni chakula. Hiyo ni asilimia 25. Umeona? Kila shilingi imepiga kura moja, na mwenye shilingi nyingi amepiga kura nyingi. Utaratibu huu haukubuniwa Dodoma. Ndio unaotumika karibu dunia nzima, na kwa kazi ya Benki Kuu ya kuangalia uchumi wote unafaa. Kwa kazi ya kumwambia mwalimu maisha yake yamepanda kiasi gani, una upungufu mkubwa.

Upungufu huo hauonekani miaka ambayo vyakula na vitu vingine vinapanda sawasawa. Unaonekana chakula kinapokimbia peke yake. Januari 2023 mfumuko wa taifa ulikuwa asilimia 4.9, na wa vyakula na vinywaji baridi ulikuwa asilimia 9.9. Ukipiga hesabu ya nyuma kwa uzito wa 28.2, vitu vingine vyote kwa pamoja vilipanda kama asilimia 2.9. Sasa weka familia zetu. Anayetumia asilimia 15 tu kwa chakula, maisha yake yalipanda karibu asilimia 4. Anayetumia asilimia 60, yalipanda asilimia 7. Nchi moja, mwezi mmoja, soko moja, na mmoja ameumia karibu mara mbili ya mwenzake. Namba iliyotangazwa, 4.9, ilikuwa karibu zaidi na maisha ya yule wa kwanza.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Kuna vipindi gurudumu linageuka. Mwaka 2024, baada ya mavuno mazuri, vyakula vilipanda polepole kuliko fahirisi ya jumla, na kaya zinazotumia sehemu kubwa kwenye chakula zikapata nafuu ambayo namba kuu haikuionyesha. Hakuna aliyeniandikia kulalamika kipindi hicho, na sishangai. Bei zinazopanda tunaziona kila asubuhi. Zinazotulia hazina kelele. Hata Ulaya walipoanza kutumia noti za yuro Januari 2002, watu wengi Ujerumani na Italia waliapa kwamba bei zimepaa, ilhali takwimu zilionyesha mabadiliko ya sarafu yenyewe yaliongeza sehemu ndogo sana ya asilimia moja kwenye fahirisi. Vitu vya kila siku, kama kahawa ya mgahawani, vilikuwa vimepanda kweli. Friji na televisheni havikuwa vimepanda, lakini nani hununua friji kila asubuhi?

Tena kuna matumizi ambayo hayamo kabisa kwenye kapu, na kwetu ni makubwa. Michango ya harusi na misiba haimo, kwa sababu huo ni uhamisho wa fedha kutoka kwako kwenda kwa mwenzako. Hakuna bidhaa uliyonunua. Kiwanja, tofali, saruji na bati za nyumba unayojenga kidogokidogo hazimo, maana zinahesabiwa kama uwekezaji. Marejesho ya mkopo hayamo. Kwa hiyo mwezi ambao umechangia misiba miwili na kununua mifuko mitano ya saruji, mfuko wako utalia hata kama mfumuko ni sifuri. Sisemi usichange. Nasema usiulaumu mchele kwa kazi iliyofanywa na kadi ya harusi.

Sasa swali la kupikwa. Naliheshimu, kwa sababu jambo hilo limewahi kutokea kweli. Argentina, mwanzoni mwa mwaka 2007, serikali iliingilia ofisi yake ya takwimu, INDEC, na mtakwimu aliyeongoza fahirisi ya bei, Graciela Bevacqua, akaondolewa kwenye nafasi yake. Kwa miaka kadhaa iliyofuata ofisi ikatangaza mfumuko wa kama asilimia 8 kwa mwaka. Mchumi Alberto Cavallo akakusanya bei za maduka makubwa kwenye intaneti, siku hadi siku, akapata kama asilimia 20. Wachumi binafsi waliotoa makadirio yao wakatozwa faini. Mwaka 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa likatoa karipio rasmi dhidi ya nchi hiyo. Hivyo ndivyo upikaji unavyokuwa: wataalamu wanaondolewa, wanaohesabu pembeni wanaadhibiwa, na pengo kati ya namba rasmi na vyanzo vingine linakuwa kubwa, halifungiki, mwaka hadi mwaka.

Kwetu tulipita karibu na hatari moja ya namna hiyo, na lazima niitaje. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa, ikawa kosa la jinai kusambaza takwimu zinazotia dosari takwimu rasmi. Watakwimu wengi tulisikitika, maana namba isiyoruhusiwa kuulizwa haiaminiki hata inapokuwa sahihi. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena na kosa hilo likaondolewa. Kwa hiyo uliza, mwalimu, bila hofu. Na vipo vyanzo vya kulinganishia: EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Wizara ya Viwanda na Biashara hufuatilia bei za jumla za mazao masokoni. Ukiona mchele umepanda kwenye taarifa za Wizara, tazama kama umepanda pia kwenye taarifa ya NBS. Mimi hulinganisha, na nimeona vinakwenda pamoja.

Nirudi sasa kwa mwajiri wako, maana hapa ndipo penye uzito.

Alichokifanya ni hiki: amechukua mfumuko wa mwaka mmoja kufidia mishahara iliyosimama tangu 2020. Wastani wa mfumuko wa bei Tanzania Bara ulikuwa asilimia 3.7 mwaka 2021, 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Namba hizi hazijumlishwi tu. Kila mwaka unapanda juu ya mgongo wa uliotangulia. Kilichouzwa shilingi 100 mwaka 2020 kilifika 103.7, kisha 108.2, kisha 112.3, na mwaka 2024 kikawa karibu 115.8. Hiyo ni namba ya Serikali yenyewe, ile aliyoinukuu. Mshahara uliosimama kipindi hicho umepoteza karibu shilingi 14 katika kila 100 ya uwezo wake wa kununua. Ukiongezwa asilimia 3, bado unahitaji kama asilimia 12 nyingine ili ufike tu pale ulipokuwa mwaka 2020. Na hapo sijahesabu chochote baada ya 2024, wala sijagusa suala la uzito wa chakula. Sijatumia hata bei moja kutoka kwenye barua yako.

Nimekuwekea hesabu hii makusudi. Ukienda kwa mwajiri na kusema "maisha yamepanda robo", atakuuliza umepata wapi, na mkutano utaishia kwenye bei ya maharage. Ukienda na namba nne za NBS na zidisho lake, hana pa kutokea, maana ushahidi ni wake.

Wakati huohuo uwe tayari kwa neno "asilimia" linavyoweza kuteleza mdomoni mwa mtu. Utakumbuka mwaka 2022 ilipotangazwa nyongeza ya asilimia 23.3 kwa watumishi wa umma. Wengi walipiga hesabu ya asilimia 23.3 ya mshahara wao, na mwezi wa saba wakaona ongezeko dogo sana. Asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini, kutoka 300,000 hadi 370,000. Wa mishahara ya juu waliongezewa kiduchu tu. Kwa hiyo mwajiri akikuahidi asilimia yoyote, muulize palepale: asilimia ya nini? Ya mshahara wa msingi au wa jumla? Kwa walimu wote au kwa wanaoanza? Kuanzia mwezi gani? Aandike.

Naelewa pia kwamba shule binafsi inaishi kwa ada, na wazazi wanaolipa ada hiyo wanakwenda soko lilelile unalokwenda wewe. Inawezekana kabisa mwajiri hana asilimia 12 mfukoni. Ndiyo maana nisingeshikilia fedha taslimu peke yake. Nyongeza ya awamu, tuseme kwa mihula mitatu, ni bora kuliko ahadi ya mwakani. Punguzo la ada kwa watoto wenu kama wanasoma hapo ni fedha halisi. Na kuna moja ambalo watu hulidharau: mlo wa mchana shuleni. Sahani ya wali na maharage inabaki sahani hata mchele ukifika 3,500. Ni sehemu ya malipo ambayo mfumuko wa chakula hauwezi kuila. Ukiulizwa uchague kati ya 20,000 taslimu na chakula cha mchana siku zote za kazi, piga hesabu kwanza kabla ya kuchukua noti.

Hesabu yako ya nyumbani usiiache, ila ifanye vizuri. Kwa miezi miwili andika kila kinachotoka, hata jero ya mchicha. Gawanya katika mafungu machache: chakula, mkaa na umeme, kodi, nauli, shule, mengineyo, na uweke pembeni michango na marejesho ya mikopo. Hapo utajua uzito wako wa chakula. Kisha chukua taarifa ya NBS ya mwezi huo, inayotoka karibu na tarehe 8 ya mwezi unaofuata. Usisome mstari wa juu tu. Shuka kwenye jedwali utafute mfumuko wa "vyakula na vinywaji baridi". Zidisha kwa uzito wako, fanya hivyohivyo kwa mafungu mengine, kisha jumlisha. Kazi ya dakika kumi. Nasisitiza pia mshirikiane: namba ya kaya moja inayumba kwa sababu ya mtoto mmoja kuugua au sherehe moja, lakini walimu kumi na watano wakiandika kwa namna ileile mtakuwa na kitu ambacho mwenye shule atakisoma kwa makini. Mkiwa na mashaka kuhusu njia ya kukokotoa, NBS ina ofisi za mikoa, na ya Morogoro ni mojawapo. Ingieni, mmuulize meneja wa takwimu wa mkoa. Kujibu maswali ya wananchi ni sehemu ya kazi yao.

Yapo mambo ambayo mimi na kalamu yangu hatuyawezi. Shule binafsi ni miongoni mwa sekta zilizopangiwa kima cha chini katika Amri ya Mishahara. Kama mshahara wako, au wa mwenzako yeyote, uko chini ya kiwango hicho, jambo hilo limeacha kuwa la mfumuko na limekuwa la sheria: nenda kwa afisa kazi wa mkoa ukiwa na mkataba na hati za malipo. Kama mgogoro umeshaanza, umetishiwa kazi au umepunguziwa malipo kwa kuuliza, njia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usicheleweshe, kwa sababu madai yana ukomo wa siku. Kama mna chama cha wafanyakazi, kianze kuzungumza chenyewe kabla yako.

La mwisho ndilo linalonipa wasiwasi kuliko yote uliyoandika, ingawa umelipa sentensi moja tu. Ni ile kausha damu. Hukutaja riba. Kama ni asilimia 20 kwa mwezi, basi mwezi mmoja wa mkopo huo unakula zaidi ya kile mfumuko wa bei ulichokula kwa miaka minne. Hakuna nyongeza ya mshahara inayoweza kushindana na hilo, si ya 3 wala ya 15. Mkopeshaji wa aina hiyo anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, akupe mkataba ulioandikwa unaoonyesha riba na tozo zote, na hana ruhusa ya kukaa na kadi yako ya benki. Wiki hii, kabla hujafungua daftari la matumizi, nenda na mume wako kwenye SACCOS (chama cha akiba na mikopo) iliyo karibu nanyi au benki inayopitisha mshahara wako, mkiwa na karatasi ya mkopo, hati zako za mshahara za miezi mitatu na kitambulisho, muulize kama wanaweza kuununua mkopo huo kwa riba ya chini. Kama mkopeshaji ameshika kadi yako au amekataa kukupa mkataba, anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na malalamiko yaandikwe Benki Kuu.